Neno la Siri la Ambujam

Kengele ya chakula cha mchana ilipolia katika shule ya Puthenkara, wanafunzi hawakutembea, walimiminika. Kila mmoja alikuwa na sahani yake ya bati, na kila mmoja alitaka kufika wa kwanza kwenye sufuria kubwa ya wali. Nyuma ya sufuria alisimama Ambujam, mpishi wa shule, taulo begani na upawa mkononi. Alipakua bila kutazama sahani, kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye nyuso za watoto.

"Wewe jana hukumaliza choroko zako. Leo utazila hapa mbele yangu."

"Nilizimaliza, shangazi!"

"Ulizimaliza? Basi yule paka wa nyuma ya jiko kanenepa kwa hewa."

Watoto wakacheka. Foleni ikasogea mpaka kwa Nimisha, msichana wa miaka kumi na mitatu wa darasa la nane, mwenye misuko miwili iliyobana na kidevu kilichoinuka daima. Katika klabu ya kompyuta ya shule hakuna aliyemfikia. Kompyuta ikigoma, hata walimu walisema, "Mwiteni Nimisha." Naye alikuwa ameyazoea maneno hayo kama alivyozoea jina lake.

Siku hiyo Ambujam hakumtania. Alimpakulia, kisha akainamisha kichwa na kumwuliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, nasikia watoto wa klabu mtawafundisha akina mama kompyuta, kila Jumatano jioni. Aliyeishia darasa la nne anaruhusiwa?"

"Hata aliyeishia darasa la kwanza, shangazi. Kwani unataka kujifunza?"

"Si kutaka tu. Nimebanwa."

Akamweleza huku upawa ukiendelea na kazi. Kwa miaka sita Ambujam alikuwa katibu wa kikundi cha akina mama wa mtaa wao. Kila Jumapili wanawake ishirini walikutana, na yeye aliandika yote yaliyosemwa katika daftari kubwa lenye jalada jekundu. Mwandiko wake ulikuwa wa mviringo, herufi zimeshikana kama shanga kwenye uzi. Sasa ofisi ya kijiji ilikuwa imetangaza kwamba kuanzia mwezi ujao kumbukumbu za vikundi vyote zitaandikwa kwa kompyuta. Katibu asiyeweza ampishe anayeweza. Na anayeweza alikuwepo: Sheeba, mke wa mwenye duka la dawa, aliyesoma mpaka chuo.

"Jikoni naitwa mpishi," Ambujam akasema. "Nyumbani naitwa mama. Jumapili tu ndiyo naitwa katibu. Nisipojifunza, hata Jumapili inaondoka."

"Haitaondoka, shangazi," Nimisha akasema. "Mimi ndiye nitakayekufundisha."

Jumatano iliyofuata wanawake kumi wa kikundi hicho waliingia katika chumba cha kompyuta. Walivua viatu mlangoni, miavuli yao ikichuruzika maji barazani. Mezani zilikuwa kompyuta mpakato kumi, kila moja na namba yake. Ambujam alikalia namba nne. Namba tano alikaa Kunjamina, mama mfuga mbuzi, mwenye mdomo usiokaa kimya.

Mwalimu Aleyamma, mlezi wa klabu, alikuwa amempa Nimisha karatasi yenye hatua za somo. Hatua ya kwanza: kila mgeni ajiwekee neno lake la siri. Hatua ya pili: abadilishe lugha ya kibodi na kuandika jina lake kwa Kimalayalam, lugha yao ya nyumbani. Baada ya kukabidhi karatasi hiyo, mwalimu aliitwa kwenye kikao cha walimu. Nimisha alibaki na Safwan, mvulana wa darasa lake aliyebeba nyaya mabegani na mizaha mdomoni.

Nimisha alisimama mbele ya wanawake wale kama askari wa gwaride. "Kompyuta hizi zinatumia mfumo endeshi huria," alianza. "Maana yake, kila mtu anaruhusiwa kuutumia, kuunakili, kumpa jirani, hata kuufungua ndani aone ulivyotengenezwa na kuurekebisha. Mkijifunza hapa, nitawapa nakala mpeleke nyumbani."

"Kwa bei gani?" Kunjamina akauliza.

"Bure."

"Bure kabisa? Mbuzi wangu mwenyewe, ninayemlisha, hanipi maziwa bure. Ananipiga teke kwanza."

Nimisha alikuwa ameshatayarisha kila kompyuta. Alikuwa amefungua dirisha jeusi la kuandikia amri, akaandika amri ya kubadilisha neno la siri, na sasa dirisha lilisubiri tu neno jipya. Lakini alipotazama nyuso zilizojaa woga mbele yake, aliona somo lingeanza kwa ubaridi. Neno la siri, nani atashangilia neno la siri? Yeye alitaka washangae. Alitaka watoke hapo wakisema, "Yule mtoto si wa kawaida."

Basi akairuka hatua ya kwanza. Akafungua ukurasa wa kuandikia katika kila kompyuta, akabadilisha kibodi iwe ya Kimalayalam, akawaonyesha jinsi ya kutafuta herufi. Dakika chache tu, chumba kikalipuka kwa shangwe.

"Jina langu! Tazameni jina langu!"

"Mbona langu limetoka na mkia?"

Ambujam hakupiga kelele. Alikuwa ameandika jina lake herufi kwa herufi, na sasa aliligusa kwenye skrini kwa ncha ya kidole, taratibu, kama mtu anayegusa shavu la mtoto aliyelala.

Nimisha akafurahi mno. "Haya," akasema, "sasa rudini kwenye lile dirisha jeusi. Kila mmoja aandike neno lake la siri kwa herufi za Kiingereza zilizochorwa kwenye vitufe. Neno utakalolikumbuka wewe peke yako. Usimwambie mtu. Si mume, si mtoto, si jirani, hata mimi usiniambie."

"Mume wangu mwaka wa thelathini huu anasahau jina la mama yangu," Kunjamina akasema. "Hata nikimwambia, siri iko salama."

Wakaanza kubonyeza. Mara vichwa vikainuka.

"Mwalimu mdogo, mashine yangu imekufa. Naandika, haiandiki."

"Haijafa," Nimisha akajibu. "Katika dirisha hili neno la siri halionekani, hata nukta haitokei, ili aliye nyuma yako asichungulie. Wewe andika tu, bonyeza kitufe kikubwa, kisha uandike tena lile lile."

Ambujam aliinua uso. "Yaani nisione kitu, niamini tu kwamba kimeandikwa?"

"Ndiyo, shangazi. Amini vidole vyako."

Ambujam akaandika, midomo ikisogea bila sauti. Akaandika tena. Kompyuta ikakubali. Zote kumi zikakubali, na wanawake wakaenda nyumbani wakicheka mvuani.

Jumatano ya pili hakuna kompyuta iliyofunguka.

Kila mwanamke aliketi mahali pake, akabofya jina lake, akaandika neno lake la siri, na kila skrini ikatoa jibu lile lile: neno si sahihi. Kunjamina alijaribu mara mbili, akapiga paja. "Limekwenda! Kichwa changu ni kapu lililotoboka, nilijua tu." Wengine nao wakacheka kwa haya, wakasema uzee, wakasema kazi nyingi, wakasema homa ya juzi.

Safwan alimsogelea Nimisha. "Wote kumi wamesahau? Siku moja?"

"Ndivyo watu wazima walivyo," Nimisha akasema kwa hasira. "Nilirudia mara ngapi? Mwalimu yuko kikaoni tena, na bila yeye siwezi kubadilisha maneno yao. Somo limeharibika."

Mkono ukainuka kwenye namba nne. "Mwanangu," Ambujam akasema, "mimi sijasahau."

"Jaribu tena, shangazi."

Akajaribu. Si sahihi. Akajaribu mara ya tatu, akibonyeza kila kitufe kwa uangalifu kama anayechambua mawe kwenye mchele. Si sahihi.

"Neno langu ndilo hili hili," akasema. "Nimelirudia kila siku nikikuna nazi."

"Shangazi, mashine haisahau. Anayesahau ni binadamu."

"Sijasahau."

"Basi liseme! Sema ni neno gani, tukuandikie sisi."

Ambujam alitazama vidole vyake. "Ulituambia tusimwambie mtu," akasema. "Hata wewe."

Safwan akatoa kicheko cha puani. Wanawake wawili watatu wakacheka pia, si kwa ubaya, lakini walicheka. Nimisha alihisi uso ukimwaka moto. Alidhani wanamcheka yeye, naye hakuzoea kuchekwa.

"Kila aliyesahau ana kisingizio," akasema kwa sauti ambayo wote waliisikia. "Aliyeishia darasa la nne asilaumu mashine."

Mara tu maneno yalipotoka, alitamani kuyarudisha. Lakini hakuyarudisha.

Ambujam alifunga kompyuta polepole, akaipangusa kwa pindo la sari yake, akasukuma kiti mahali pake. Barazani, akivaa viatu, alimwambia Kunjamina maneno machache, na Nimisha aliyasikia kupitia dirishani.

"Jumapili nitamkabidhi Sheeba daftari. Kichwa changu si cha mambo haya."

Alhamisi, kwenye foleni ya chakula, Nimisha alitamani kurudi darasani na njaa yake. Alisogea kichwa chini, akanyoosha sahani. Ambujam akampakulia wali, akampakulia choroko, kisha akamwongezea kijiko cha chatini ya nazi pembeni, kama alivyofanya siku zote kwa sababu alijua Nimisha aliipenda. Hakumwambia neno. Hakumtania hata yule mvulana aliyemfuata. Siku hiyo foleni yote ilipita kimya, na watoto waliulizana, "Shangazi anaumwa?"

Nimisha aliila ile chatini mwisho, kidogo kidogo.

Ijumaa baada ya masomo, Mwalimu Aleyamma aliingia katika chumba cha kompyuta, akampa Nimisha ruhusa ya msimamizi ili aweke maneno mapya ya siri kwenye kompyuta zote kumi. "Akina mama kusahau ni kawaida," akasema. "Ukimaliza niite, niko chumba cha pili nasahihisha madaftari."

Nimisha akaanza kwa kuzifungua zote kwa ruhusa hiyo. Safwan alikuwa kwenye namba tatu akijichezea, anaandika jina lake kwa Kimalayalam kwa maandishi makubwa yaliyojaza skrini.

"Toka hapo, nataka kufanya kazi."

"Ngoja nimalize mkia wa herufi ya mwisho. Sanaa haina haraka."

"Safwan!"

Akatoka. Nimisha akabofya dirisha jeusi, akaandika amri. Zikatoka herufi za mviringo zisizo na maana yoyote.

"Umeiacha kwenye Kimalayalam, mjinga wewe," akasema, akacheka, akanyoosha mkono kubadilisha.

Mkono ukasimama hewani.

Pembeni juu ya skrini zilikuwepo herufi mbili ndogo zinazoonyesha lugha ya kibodi. Alizitazama. Amri aliiona ikitoka kwa lugha isiyo yake kwa sababu amri huonekana. Lakini neno la siri halionekani. Siku ile ya kwanza, wanawake walikuwa wametoka kuandika majina yao kwa Kimalayalam. Hakuna aliyewaambia wabadilishe tena. Walirudi kwenye dirisha jeusi, wakabonyeza vitufe vya Kiingereza, na kompyuta ikapokea Kimalayalam kimyakimya, mara ya kwanza na mara ya pili, ikakubali. Wiki iliyofuata kompyuta ziliwashwa upya, na kompyuta ikiwashwa huanza na Kiingereza. Vidole vilikuwa vile vile na vitufe vile vile, lakini herufi zilikuwa nyingine.

Hakuna aliyesahau, hata mmoja.

"Safwan," akasema. "Ni mimi. Mimi ndiye niliyebadilisha mpangilio wa somo."

Akamweleza. Safwan aliacha mzaha, akakuna kichwa. "Sasa shida iko wapi? Weka maneno mapya. Mwalimu mwenyewe amesema kusahau ni kawaida. Jumatano wote wanaingia, mambo yanaendelea. Nani atajua?"

Nimisha akaweka neno jipya kwenye namba moja, mbili na tatu. Ilikuwa rahisi mno. Kila kompyuta ilichukua nusu dakika, na kila nusu dakika kosa lake lilizidi kufutika. Akafika namba nne. Hiyo aliikalia mwanamke aliyesimama peke yake mbele ya watu wote na kusema "sijasahau", na alikuwa anasema kweli.

Akaipita. Akaendelea na namba tano mpaka kumi.

"Umeruka namba nne," Safwan akasema.

"Najua. Nikiweka neno jipya humo, lake linapotea. Hakutakuwa tena na chochote cha kuonyesha kwamba alikuwa sahihi."

Mwalimu Aleyamma alimsikiliza mpaka mwisho, kalamu nyekundu mkononi. Nimisha alisubiri kugombezwa. Alikuwa amejiandaa hata kuvuliwa beji ya klabu.

"Kile ulichomwambia kuhusu darasa la nne," mwalimu akauliza, "alikisikia kila mtu?"

"Kila mtu, mwalimu."

Mwalimu akafunga daftari alilokuwa akisahihisha. "Unajua mfumo huu tunaoutumia umetengenezwa na nani?"

"Na watu wengi. Wengine hawajuani."

"Wamewezaje, hawajuani?"

Mwalimu akaendelea mwenyewe.

"Mmoja akiharibu kitu, anaandika mahali ambapo wote wanaona: hapa pameharibika, aliyepaharibu ni mimi, na hivi ndivyo ilivyotokea. Mwenzake anasoma, wanatengeneza. Hivyo tu, kwa miaka mingi. Kama kila mmoja angefunika kosa lake kama wewe ulivyotaka kufanya kwenye namba moja, mbili na tatu, mfumo ungekuwa umeoza kabla hujazaliwa." Akaweka kalamu chini. "Kompyuta ningeweza kuzitengeneza mimi kwa dakika kumi. Ambujam siwezi. Huyo ulimharibu wewe."

"Jumapili anakabidhi daftari, mwalimu. Utakuja nami?"

"Nitasaini kitabu cha kutoa kompyuta, uende na namba nne. Maneno utayatoa mwenyewe."

Jumapili mvua ilinyesha tangu asubuhi. Wanawake ishirini walijibana kwenye baraza ya Kunjamina, mabakuli ya muhogo wa kuchemsha na kachumbari ya pilipili yakipita kutoka mkono hadi mkono. Juu ya stuli katikati lilikuwa daftari jekundu. Sheeba aliketi karibu nalo, hajaligusa.

Nimisha na Safwan walipanda ngazi wakiwa wamelowa chapachapa. Kwa mwavuli wao mmoja walikuwa wameifunika kompyuta.

"Angalieni panya hawa wa mtoni!" Kunjamina akasema. "Ingieni, msinilowanishie mkeka. Mmekuja kula muhogo?"

"Nimekuja kusema neno," Nimisha akajibu. Alitafuta uso wa Ambujam, akaupata pembeni ya nguzo. Alikuwa amepanga maneno mazuri njiani, na sasa yote yalikuwa yamekwenda na maji.

"Shangazi Ambujam hakusahau neno lake la siri," akasema. "Hakuna aliyesahau. Mimi ndiye niliyekosea. Mwalimu alinipa karatasi inayosema neno la siri kwanza, lugha baadaye. Mimi nikageuza kwa sababu nilitaka mnisifu. Mlipoandika maneno yenu, kibodi ilikuwa bado kwenye Kimalayalam, na sikuangalia. Halafu shangazi aliponiambia hajasahau, sikumwamini. Nikamtukana mbele yenu." Akamgeukia Ambujam. "Ndiyo maana nimekuja kusema mbele yenu hapa hapa. Nisamehe, shangazi."

Ambujam alikuja polepole mpaka katikati ya baraza. "Yaani kile nilichoandika, ambacho sikukiona," akasema, "kilikuwepo?"

"Kilikuwepo, shangazi. Bado kipo. Sikukigusa."

Safwan akafungua kompyuta juu ya stuli, kando ya daftari, na Ambujam akaketi mbele yake. Jina la Ambujam likatokea. Nimisha akabofya zile herufi mbili za pembeni, akageuza kibodi iwe ya Kimalayalam, kisha akarudi nyuma hatua tatu na kugeuza uso asione vitufe.

"Wote geukeni," Kunjamina akaamuru. "Neno la siri la mtu hilo!"

Wanawake wote wakageukia mvua.

Vitufe vikasikika, kimoja kimoja. Kisha sauti ya Ambujam: "Imekataa."

Nimisha alianza kujishuku. Je, kama amekosea tena? Je, kama amemwita mwanamke huyu mbele ya watu ili aaibike mara ya pili?

"Ngoja," Ambujam akasema. "Kidole kiliteleza. Nilikuwa na haraka ya kuonekana mkweli."

Vitufe tena, polepole zaidi. Kitufe kikubwa mwishoni.

"Oo," Ambujam akasema. Hilo tu.

Wakageuka. Skrini ilikuwa imefunguka, bluu yote, na Ambujam alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Baraza ikalipuka kama chumba cha kompyuta siku ya kwanza. Kunjamina alipiga vigelegele mpaka mbuzi wake wakajibu kutoka zizini. Aliyekuwa wa kwanza kusogea ni Sheeba. Alichukua daftari jekundu kwa mikono miwili, akaliweka mapajani mwa Ambujam.

"Dada, mimi sikuliomba hili," akasema. "Mwandiko wangu hata mume wangu, anayesoma ya madaktari dukani, hawezi kuusoma."

Ambujam akafuta macho kwa taulo lake. "Haya, kikao hakijaandikwa," akasema. "Nimisha, fungua ule ukurasa. Hapana, usifungue. Nionyeshe, nifungue mwenyewe."

Nimisha akamwonyesha kwa kidole bila kugusa. Ambujam akaanza kuandika, akiwinda kila herufi, akiipata, akiibonyeza kwa nguvu kana kwamba itakimbia. Mara mbili Nimisha alinyoosha mkono kumsaidia, na mara mbili akaurudisha. Chai ikaletwa, ikapoa, ikaletwa nyingine.

"Kwa mwendo huu," Safwan akanong'ona huku amejaza muhogo mdomoni, "karamu ya sikukuu ya Onam itatukuta hapa hapa."

"Kula ukae kimya," Kunjamina akasema. "Wewe ulijifunza kutembea kwa siku moja?"

Hatimaye Ambujam akainua kichwa. "Nisomeeni nione kama kuna kosa."

Nimisha akainama na kusoma kwa sauti. "Kikao kimeanza saa tisa na robo. Waliohudhuria ni wanachama ishirini, na wanafunzi wawili waliolowa. Mwanafunzi Nimisha amekiri kwamba kosa la kompyuta lilikuwa lake, si la akina mama." Akasita, masikio yakawaka. "Shangazi, hili litakwenda ofisi ya kijiji. Lazima liingie?"

"Mimi ni katibu," Ambujam akasema. "Naandika kilichotokea."

Kisha akamshika msuko mmoja, akauvuta kidogo kama alivyozoea kuwafanyia watoto kwenye foleni ya wali.

"Sikiliza, mwanangu. Kukosea si ajabu. Mimi nimeunguza wali wa watoto mia mbili, na siku ile nilisema nimeunguza, sikusema jiko bovu. Kilichoniumiza si neno la siri. Nilikuambia ukweli, ukauangalia uso wangu, ukaiamini mashine. Mtu mgeni kwenye kitu akikuambia amekwama, mwamini kwanza. Kaa naye, mtafute kosa pamoja. Huenda kosa ni lake. Huenda ni lako. Mkitafuta pamoja, kwa vyovyote vile mtalipata."

"Nimesikia, shangazi."

"Basi ondoka kwenye mwanga, sijamaliza."

Akairudia kibodi. Mvua ilikuwa imepungua, na wanawake wengine walikuwa wakikunja mikeka, lakini hakuna aliyeondoka. Herufi moja, nyingine, nyingine. Nimisha alisimama nyuma ya bega lake na kuona sentensi ya mwisho ikijengeka taratibu kwenye skrini, mviringo kwa mviringo: Kikao kimepokea maneno yake, na kimemwomba aje kufundisha Jumatano, bila kukosa.